Baridi ya Mbeya imeanza kubisha hodi: dalili, chanzo na cha kufanya kabla Juni haijafika

Kuanzia mwisho wa Aprili kwenda Mei huku nyanda za juu ndo kile kipindi kisichoeleweka, mvua zinaaga lakini hazijaondoka kabisa, mchana jua safi unakatiza Kabwe hapa mjini na tisheti, ikigonga saa 12 jioni mnaanza kuulizana nyumbani lile sweta la mwaka jana liliwekwa wapi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani muda huo wanaingia kwenye joto, sisi tuko kusini ya ikweta kwahiyo tunaelekea upande wa pili. Na ndo kipindi ambacho kila kitu nyumbani kinaanza kuleta vituko, bati linavuja bila mvua, gari haiwaki, gesi haina nguvu, mandazi hayaumuki, vifaranga wanakufa, na ukiuliza jibu ni moja tu, "baridi hiyo". Sawa, baridi inahusika, ila jibu hilo halikusaidii kutengeneza chochote na wakati mwingine hata sio kweli.

Kabla ya kugusa tatizo lolote elewa kwanza hii baridi inatoka wapi. Jua lilivuka ikweta tarehe 21 Machi hivi likaelekea kaskazini, na litaendelea kutukimbia mpaka Juni 21. Mbeya tuko kama digrii 9 kusini, kwahiyo mwezi wa sita mchana unakuwa masaa 11 na nusu na kidogo, na jua lenyewe linachomoza kwenye saa 1 kamili asubuhi, watoto wa shule wanatoka nyumbani bado giza. Lakini hilo peke yake lisingetuumiza hivi. Kinachotuumiza ni kwamba mawingu ya masika yalikuwa yanatufunika kama blanketi, joto la mchana likawa linabaki chini usiku kucha, sasa mvua zikikata anga linakuwa jeupe, hewa kavu, joto lote lililoingia ardhini mchana linapaa juu usiku bila kizuizi. Ongeza na upepo wa kusi unaotoka kusini huko. Ndo maana mchana inafika nyuzi 20 na kitu na alfajiri iko chini ya 10, siku hiyo hiyo.

Jambo la pili, hewa ya baridi ni nzito, inateremka. Usiku uliotulia inatiririka kutoka mlimani inajaa bondeni, kwahiyo aliyejenga kwenye mteremko anaweza kulala vizuri kuliko jirani yake wa chini ambaye yuko karibu na mto. Watu wengi hawaamini hili mpaka waone viazi vya bondeni vimeungua na vya juu vizima.

Kwahiyo maswali ya kuanzia kwa karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini ni mawili: tatizo linatokea saa ngapi, na wewe uko bondeni au juu? Jibu hayo kabla hujamwita fundi.

Bati linadondosha maji alfajiri, na mvua haijanyesha wiki nzima

Hii kila mwaka mwezi wa tano mafundi wanakula hela za watu. Unaamka tone limekupiga usoni, unamwita fundi anapanda juu anakwambia kaka bati lako limechoka, misumari imelegea, anapaka lami kila msumari, unalipa, kesho yake tone liko palepale.

Fanya hivi. Amka saa 11 alfajiri, panda kwenye kiti, pitisha kiganja upande wa ndani wa bati. Kama kiganja kizima kimelowa na matone yamejipanga bati zima yanateremka kufuata mkunjo mpaka yanapokutana na papi (zile mbao zinazobeba bati), ndo yanadondoka hapo, basi hilo halivuji, linatoka jasho. Nyinyi wanne mmelala humo ndani mnapumua usiku kucha, jioni mlipika ndani, mmeanika soksi kwenye kamba chumbani, mvuke wote huo umepanda juu umekuta bati ambalo liko moja kwa moja chini ya anga jeupe na limepoa kuliko hata hewa ya nje. Lazima ugeuke maji. Kuvuja kwa kweli kunatokea mvua ikinyesha, kunakuwa sehemu moja, na mbao pale ina alama ya kahawia kuzunguka msumari.

Dawa yake sio lami. Dawa ni kuutoa mvuke nje: ile nafasi kati ya ukuta na bati ambayo uliziba kwa matambara ili baridi isiingie, izibue angalau pande mbili zinazotazamana. Pikia nje au jikoni, nguo mbichi zisilale chumbani. Kama hela ipo piga dari, iwe jipsam au hata mbao nyepesi, maana ile hewa inayobaki kati ya dari na bati ndo inayozuia. Dari ukipiga usizibe kingo za paa ukadhani umemaliza, utahamishia maji juu ya dari na jipsam ikilowa ni kazi nyingine.

Ukungu mweusi ukutani ni mtoto wa tatizo hilo hilo. Angalia uko upande gani wa nyumba. Huku kwetu mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, kwahiyo chumba chenye dirisha la kusini kinaweza kukaa wiki bila kuonja jua. Kabati limeegemezwa ukuta wa kusini? Livute nje kiganja kimoja hewa ipite. Na kama ndo kwanza unajenga, sebule na vyumba vya kulala vielekeze kaskazini, utanishukuru Julai. Mtu aliyezoea kujenga Dar hawezi kukwambia hili maana kule wao wanalikimbia jua.

Watu wa Tukuyu nyinyi mna kesi yenu, kule mvua za rasharasha hazijui kukata, mnaweza kuwa na unyevu na baridi kwa pamoja wakati Chunya wanakohoa vumbi. Kwenu kuzibua hewa ni lazima zaidi, na nguo anikeni chini ya paa la wazi, sio ndani.

Asubuhi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na sio wewe peke yako

Hapa naomba usome taratibu. Kama watu wawili au zaidi kwenye nyumba moja wanaamka na kichwa kizito, wanasikia kutapika, miguu haina nguvu, na wakitoka nje wakakaa nusu saa wanajisikia nafuu, alafu jioni mliingiza jiko la mkaa ndani "lipashe chumba", hiyo sio malaria wala hamjarogwa. Ni hewa ya kaboni monoksidi. Inatoka kwenye mkaa unaowaka kwa hewa kidogo, haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala anazidi kulala tu.

Kinachowaponza wengi ni ile imani kwamba mkaa ukishashika vizuri, umekuwa mwekundu, moshi umeisha, basi hauna madhara. Ule moshi ulioisha ni ule unaouona. Huu mwingine uko palepale, hata mkaa unapofifia umefunikwa majivu. Kuacha dirisha wazi kidogo sio kinga ya kuaminika. Jiko haliingii chumba cha kulala, basi, hapa hakuna mjadala. Ukimkuta mtu kwenye hali hiyo fungua milango, mtoe nje kwanza, jiko baadae, na umpeleke hospitali hata kama amezinduka na anasema niko poa, na uwaambie kabisa kwamba alilala na jiko ndani ili wasianze kutafuta vitu vingine.

Sasa utapataje joto? Wengi wanarundika mablanketi matatu juu na chini hamna kitu, wakati joto la mwili linapotelea chini kupitia godoro, hasa kama godoro liko sakafuni kwenye saruji. Blanketi moja hamishia chini ya shuka, utaona tofauti usiku huo huo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa weka miguuni nusu saa kabla ya kulala. Kofia na soksi za sufu, sokoni Mwanjelwa mitumba ya baridi imejaa mwezi huu na bei bado haijapanda, ukisubiri Juni utaongea lugha nyingine.

Gesi inawaka kinyonge asubuhi, jioni inawaka vizuri

Umeona, saa tena. Kama mtungi unasumbua asubuhi tu na mchana uko sawa, haujaibiwa na haujaisha. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, iko ndani kama maji maji, na ili iwake lazima ichemke igeuke hewa humo humo ndani ya mtungi. Butani inachemka kwenye nyuzi karibu na sifuri, sasa mtungi ukiwa kwenye sakafu ya saruji yenye nyuzi 8 presha inashuka sana. Na kila unavyopika gesi inavyotoka inaupoza mtungi zaidi, utaushika utakuta umelowa kwa nje. Mtungi mdogo wa kilo 6 unaonyesha shida hii mapema kuliko wa kilo 15, na ukiwa unaelekea kuisha ndo kabisa maana butani ndo inayobaki nyuma.

Unyanyue sakafuni weka kwenye ubao, usogeze mahali ambapo jua la asubuhi linafika, pika na moto wa kati. Usiupashe moto mtungi kwa namna yoyote, nimeona watu wanaweka jiko la mkaa karibu na mtungi "uchangamke", mzee huo ni mchezo wa kifo. Kama unasumbua hata saa 8 mchana basi angalia regyuleta na mpira, au upime uzito, inawezekana kweli umeisha.

Gari au boda haiwaki asubuhi

Sikiliza inalia vipi. Ukizungusha ufunguo ikasema "tak" na kunyamaza, taa za dashibodi zinafifia, hiyo ni betri au vichwa vyake. Fungua boneti uangalie kama kuna ule unga mweupe wa kijani kwenye vichwa, umwagie maji ya moto, sugua kwa brashi, kaza. Betri ikikaribia nyuzi 0 inabakiwa na kama asilimia 80 tu ya nguvu zake, sisi mjini hatufiki huko ila betri iliyokuwa inajikongoja tangu Februari hapa ndo inakata roho, kwahiyo baridi haikuiua, imeifichua tu.

Inazunguka lakini kwa uvivu: betri dhaifu au oili nzito. Kuna watu wanaweka oili nzito kuliko kitabu cha gari kinavyotaka kwa sababu "injini imechoka", alfajiri oili hiyo inakuwa uji mzito na selfu (mota ya kuwashia) inahangaika kuizungusha.

Inazunguka kwa nguvu ila haishiki: kwa dizeli angalia hita, washa ufunguo subiri ile taa ya njano izime ndo upige. Kwa petroli angalia plagi. Kwa boda yenye kabureta vuta choki, piga, ikishika iache ikae dakika moja hivi bila kuingurumisha ndo urudishe choki. Vijana wa boda wanapenda kuvuta mafuta mpaka mwisho ikiwa bado ya baridi, oili haijafika juu, unajiulia injini mwenyewe.

Na gari usiipashe ndani ya gereji iliyofungwa, sababu ni ile ile ya jiko la mkaa.

Ukungu wa barabarani siongei sana, mnaopita Kitonga, mteremko wa Iwambi, au Isyonje pale kwenye njia panda ya Kitulo mnaujua. Taa za chini, sio fulu, maana fulu inakurudia machoni.

Shawa ya umeme haichemshi kama zamani

Haijaharibika. Hesabu yake ni rahisi: shawa ya kilowati 5 ukipitisha lita 3 kwa dakika inaongeza kama nyuzi 24. Maji yakiingia na nyuzi 22 mwezi wa kwanza yanatoka ya kuunguza, yakiingia na 14 yanatoka 38, vuguvugu la kuoga. Ukifungulia lita 5 yanatoka 28 na utatetemeka. Punguza maji, ndo tiba.

Ila kama umepunguza na bado, angalia umeme. Jioni kila mtu kawasha hita na pasi, umeme ukishuka kutoka volti 230 mpaka 180 shawa yako inabakiwa na asilimia 61 tu ya nguvu, maana nguvu inashuka kwa kasi kuliko volti. Hapo hata fundi bora wa Mbeya hawezi kukusaidia, badilisha muda wa kuoga. Simtanki (tanki la maji) jeusi juu ya mnara linapigwa na jua siku nzima, saa 10 jioni maji yake yako kwenye kilele cha joto, saa 12 asubuhi ndo yako mabaya kuliko yote. Mimi naona kuoga alfajiri mwezi wa sita ni ushujaa usio na faida lakini kila mtu na maisha yake.

Jikoni: unga hauumuki, mafuta yameganda, asali imekuwa sukari

Hamira iko hai, imelala tu. Maji ya kukandia yawe vuguvugu la kuvumilika kidoleni, sufuria ya unga ifunike uiweke karibu na jiko lililotoka kupika, na kubali kwamba kilichokuwa kinachukua saa moja sasa kitachukua mbili. Mama wa mandazi wanaojua kazi wanakanda usiku, baridi inawasaidia, unga unaumuka taratibu mpaka alfajiri. Maziwa ya mtindi nayo ni hivyo hivyo.

Mafuta kuganda kila mwaka kunaleta ugomvi dukani. Mafuta ya mawese na mchanganyiko wake yanaganda kwenye baridi yetu, ni kawaida yake, hayajachakachuliwa. Ya nazi yanaanza kuganda hata chini ya nyuzi 24. Lakini kama umeuziwa alizeti tupu na kwenye chupa yameganda meupe mazito kabisa, hapo una haki ya kuuliza, kwa sababu alizeti ya kukamua yenyewe inaweza kuweka ukungu kidogo au mashapo chini ila haigandi chupa nzima kwa nyuzi 10.

Asali ikiganda chembechembe watu wanasema imetiwa sukari. Hapana, asali halisi inaganda, na joto la karibu nyuzi 14 ndo inalolipenda kuganda nalo, yaani hali ya hewa ya jikoni kwako Mei. Weka chupa kwenye maji ya moto yasiyochemka itarudi.

Maharage kutoiva haraka usiisingizie baridi. Huo ni mwinuko, Mbeya iko kama mita 1,700 na maji yanachemka kwenye nyuzi 94, Januari na Julai ni sawa. Loweka usiku.

Vifaranga wanapungua kila asubuhi

Kabla ya kukimbilia dawa ya duka la mifugo, ingia bandani saa 5 usiku na tochi bila kelele uangalie wamelalaje. Wamerundikana chini ya chungu cha moto au taa, wanalia: wana baridi, na wale wa katikati ndo wanaokandamizwa unaokuta wamekufa asubuhi. Wamekimbilia pembeni mbali na moto, midomo wazi: joto limezidi. Wamejibana wote upande mmoja: kuna upepo unaingia upande wa pili, tafuta tundu uzibe. Wametawanyika sawasawa, wengine wanakula, kimya: hapo uko sawa na vifo vina sababu nyingine, sasa ndo umwite mtaalamu.

Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35 pale walipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kosa la watu wa huku ni kufuata ratiba ya Dar ya kuondoa moto wiki ya tatu, hapa Mei mpaka Agosti huwezi. Kosa la pili ni kuziba banda lote kwa maturubai mpaka juu na ndani kuna chungu cha mkaa, vifaranga nao wanakufa na ile hewa kama sisi. Ziba chini usawa wa kuku, juu acha wazi.

Majani ya viazi yamekuwa meusi

Hii ni ya ndugu zangu wa Makete, Kitulo, Njombe, Mufindi, na Uporoto juu. Kuna vitu viwili vinavyofanana kwa mbali na dawa zake hazifanani kabisa.

Kama jana jioni shamba lilikuwa kijani na asubuhi hii jua lilipopanda majani yamelegea, yamekuwa kama yamechemshwa, mchana yakawa meusi makavu, na yaliyoungua ni ya juu kabisa na ni shamba la bondeni zaidi ya la mteremkoni, hiyo ni barafu ya usiku. Usiku wake utaukumbuka: hakuna upepo, hakuna wingu, nyota zote ziko nje. Ukiwa na wingu au upepo barafu haishuki, kwahiyo jioni unaweza kujua. Usikimbilie kung'oa. Shina la chini ya udongo linaweza kuwa zima likachipua tena, subiri wiki moja na zaidi. Kama una maji, mwagilia mchana siku unayoona anga limetulia, udongo wenye unyevu unatunza joto vizuri kuliko mkavu. Parachichi changa zifunike kwa nyasi au kiroba usiku, asubuhi fungua. Na kupulizia dawa ya ukungu jani lililoungua na barafu ni kumwaga hela.

Kama meusi yalianza na madoa machache, siku tatu nne yakasambaa, na ukigeuza jani asubuhi na mapema chini yake kuna unga mweupe kuzunguka doa, huo ni ugonjwa wa ukungu wa majani na unapenda hasa hali hii ya mwisho wa mvua, ubaridi na majani yaliyolowa. Hapo dawa inahusika na usichelewe hata siku mbili. Mei unaweza kuwa na vyote viwili kwenye shamba moja, geuza jani kabla ya kuamua.

Ngozi inawasha, mtoto anakohoa, mwili unatetemeka

Midomo kupasuka na magaga miguuni ni ukavu wa hewa, paka mafuta ya mgando ukitoka tu kuoga mwili ukiwa na unyevu bado, sio baada ya kukauka na kuvaa. Maji ya moto sana yanazidisha. Lakini muwasho unaozidi usiku, uko kati ya vidole na kiunoni, na mwenzio kitandani naye anajikuna, huo sio ukavu, ni upele, msimu huu tunalala tumebanana na unaambukiza. Mnatibiwa nyumba nzima siku moja la sivyo mnazungushiana.

Mtoto mwenye mafua anayecheza na kula, mpe vitu vya moto na mtazame. Mtoto anayepumua haraka ni kitu kingine. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa: chini ya miezi 2 zikifika 60, miezi 2 mpaka mwaka zikifika 50, mwaka mmoja mpaka mitano zikifika 40, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, hiyo inaweza kuwa nimonia, nenda kituo cha afya leo leo, usisubiri asubuhi na usianze na mvuke wa majani.

Na wewe uliyeshuka Kyela au Usangu wiki mbili zilizopita kufuata mpunga, ukitetemeka usiku usijifunike ukasema baridi ya Mbeya. Kule chini mbu wapo wa kutosha na malaria inachukua wiki moja, mbili au zaidi kujitokeza. Kapime.

Mahindi hayakauki, au yamekauka na bado yanaota ukungu

Jua la Mei na Juni ni kali ila lina masaa machache ya kazi. Umande unakaa mpaka saa 3, ukitandaza turubai saa 1 asubuhi unayalowesha upya, na ukiyaacha nje mpaka saa 12 jioni hewa ikianza kupoa yananyonya tena ulichokausha mchana. Tandaza saa 4, kunja saa 10, na usiku yasilale chini ya anga. Kwa kuangalia kwa macho au kung'ata kwa jino utadanganyika, mahindi ya baridi yanakuwa magumu kabla hayajakauka.

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, zaidi ya hapo ghalani unakaribisha sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Kama huna kipimo tumia chumvi. Chumvi yenyewe ikaange kwanza kwenye kikaango ikauke, maana msimu huu ya dukani nayo imelowa. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, jaza mahindi theluthi moja, weka kijiko kikubwa kimoja au viwili vya chumvi, tikisa dakika kadhaa, iache robo saa. Chumvi ikibaki inateleza chini, uko karibu au chini ya asilimia 15, unaweza kumalizia siku moja mbili za jua zuri kabla ya kuyaweka kwenye mifuko. Ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani, na ukipima tena tumia chumvi nyingine, ile ya kwanza imeshanyonya maji haitakupa jibu la kweli.